Aliposema Mama, Sikuuliza Umri

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu kuna baba mmoja aliyelibeba miaka miwili, na mimi ndiye niliyemtwisha.

Nilikuwa muuzaji kwenye duka la dawa muhimu pale Mabatini, Mwanza. Miaka sita nyuma ya kaunta. Watu waliniita daktari nami nikaitika! Kozi ya wiki chache tu, jamani, lakini ukiitwa daktari kila siku unaanza kuamini.

Asubuhi moja aliingia fundi pikipiki aliyehamia mtaani kwetu karibuni. Mimi nilikuwa kwenye simu, nacheka na shoga yangu.

"Dada, nisaidie dawa. Mama anatapika tangu alfajiri, na tunakwenda Sengerema msibani. Gari linatusubiri."

"Anaharisha?"

"Hapana, kutapika tu. Kalegea mama yangu."

Nikamfungia kwenye bahasha vidonge vya promethazini vya kuzuia kutapika, vya mtu mzima, simu ikiwa bado sikioni. "Mpe kimoja sasa hivi, kingine jioni. Akishindwa kumeza, msagie kwenye kijiko cha maji."

Kwisha! Hata dakika mbili hazikufika.

Mimi nilimwona mwanamke mzima kichwani mwangu. Lakini nani kwetu asiyejua kwamba mtoto akirithi jina la bibi yake, baba yake humwita mama? Mwanangu mwenyewe namwita baba, kwa kuwa ana jina la marehemu baba yangu! Na umri ndilo swali la kwanza tulilofundishwa. Sikuuliza.

Mama huyo alikuwa na miezi kumi na minne.

Dawa ile haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili. Inaweza kumzimisha pumzi akiwa usingizini. Walipopita Usagara mke wa fundi alishukuru kwamba mtoto amelala, kutapika kumekoma. Walipofika kivukoni Busisi alimfunua, akakuta midomo imebadilika rangi. Kwenye kituo cha afya hawakuwa na la kufanya.

Siku chache baada ya kumzika mtoto fundi alirudi dukani na mkewe, na kaka wa mkewe. Mkononi ana ile bahasha ya dawa.

"Dada, hawa wanasema nimemuua mwanangu. Waambie ulichoniambia."

Mungu wangu! Nilikuwa na nafasi. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini niliwaza duka, niliwaza polisi, na ulimi hauna mfupa.

"Nilikwambia hii ni ya mtu mzima," nikasema. "Nikakuuliza umri, hukunijibu."

Alinitazama. Nilijua atanirukia, na nilistahili. Badala yake akainamisha kichwa. "Basi huenda sikusikia, dada. Nilikuwa na haraka."

Aliniamini mimi kuliko masikio yake! Mkewe akatoka nje analia, na wiki haikuisha akarudi kwao Magu.

Niliacha ile kazi. Nilidhani nikiacha nitalala. Ikapita miaka miwili ndipo nikamfuata fundi, nikamweleza yote nikiwa nimepiga magoti kwenye gereji yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Akasema tu, "Nenda kamwambie na mama yake."

Nimekwenda Magu. Ameolewa na mtu mwingine, ana mimba kubwa. Nilimwambia hivyo hivyo. Alikaa chini pale pale mlangoni, akaniuliza kwa nini nimekuja sasa.

Ndugu zangu mnaouza dawa, ukiambiwa ni ya mama, ya baba, ya bibi, uliza ana miaka mingapi! Nanyi wazazi, mtoto mdogo akitapika mpelekeni kwa daktari, msimnunulie kidonge cha kumtuliza. Na ukikosea, sema siku ile ile, mbele ya wale wale waliokuuliza. Ukichelewa hutawakuta pamoja tena.