Mjomba anataka niseme nesi hakubonyeza, la sivyo hapokei posa yangu

Admin, jina langu lifiche, lakini hasira zangu ziache kama zilivyo.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na nane, Mzigua wa Handeni, na kazi yangu ni kompyuta. Ofisi yetu iko Old Korogwe na mwenye ofisi ni mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenisomesha. Hilo silikatai, na nimeshamshukuru mpaka magoti yameota sugu. Mwezi ujao wakwe wanaleta posa, na kwetu posa haipokelewi bila mjomba. Likumbukeni hilo.

Zahanati za vijijini huku Handeni zinaandika taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta, lakini taarifa hazikai pale. Zinasafiri kwa mtandao mpaka kwenye seva iliyoko Korogwe, ili mgonjwa akipelekwa hospitali ya mjini daktari azikute. Mimi ndiye niliyetengeneza draiva, yaani ile programu inayozipeleka na kuzileta. Sasa mtandao wa kwetu mnaujua, mawingu yakikaa vibaya tu umekata. Draiva tuliyoikuta mwanzo ilikuwa inasubiri jibu la seva bila mwisho. Kompyuta inaganda, nesi anaizima kwa hasira, kazi yote inapotea.

Nikaifunza adabu niliyofunzwa na bibi yangu. Ukifika kwa mtu unapiga hodi. Kimya, unangoja kidogo, unapiga tena. Kimya, unangoja zaidi, unapiga ya tatu. Usipoitikiwa unaondoka, na aliyekutuma unamwambia kweli kwamba hukuwakuta. Draiva yangu ikafanya hivyohivyo. Taarifa inaitunza kwanza kwenye diski ya palepale zahanati, ikikosa jibu mara tatu skrini inakuwa nyekundu: HAIJAPOKELEWA, ANDIKA KWENYE KADI. Halafu baadaye inajaribu tena. Na kila taarifa niliipa namba yake, maana kuna wakati seva imeshapokea ila jibu ndilo limepotea njiani. Ikirudi kupiga hodi, seva inajua mgeni ni yuleyule, haiandiki dozi mara mbili.

Manesi wakazoea. Wakiona nyekundu wanachukua kalamu. Mjomba ndiye hakupenda.

"Nyekundu kila siku, watasema nimewauzia kimeo," akaniambia. "Weka kijani. Ikikosa jibu iandike IMEHIFADHIWA, mtandao ukirudi itakwenda yenyewe."

"Mjomba, hapo ni kupiga hodi nje ya mlango halafu unajiitikia mwenyewe karibu."

"Wewe na hodi zako!" Akacheka, akamwita fundi mwenzangu, wakabadilisha mbele ya macho yangu. Hata ile ya kutunza kwenye diski wakaitoa, eti inafanya kompyuta ziwe nzito. Nilipiga kelele siku ile mpaka majirani wa ofisi wakachungulia.

Haikuchukua muda. Nesi mmoja, mama mtu mzima anayekaribia kustaafu, akampokea dada mjamzito. Dada akamwambia kuna sindano mwili wake unaikataa. Nesi akaandika, akabonyeza kitufe cha kutuma, akaona kijani, IMEHIFADHIWA, kalamu hakuigusa. Mtandao ulikuwa umekata, na kabla haujarudi umeme nao ukakatika, taarifa ikafutika. Yule dada alipofikishwa Korogwe daktari akafungua, hakuona kitu, akamchoma sindano ileile. Alivimba uso mzima, pumzi ikamuishia mikononi mwao. Alhamdulillahi walimuwahi, yeye na mtoto wazima.

Nesi amesimamishwa kazi, kwamba ni mzembe. Wiki ijayo kuna kikao cha kusikiliza kesi yake, na wameniita mimi nieleze ile mashine inavyofanya kazi. Mjomba akaja mpaka nyumbani Handeni. Nikamwamkia shikamoo, hata marahaba hakusema.

"Utasema mashine haina kosa, nesi hakubonyeza. Basi."

"Alibonyeza, mjomba. Na wewe unajua alibonyeza."

"Sikiliza. Ukinivua nguo mbele za watu, hao wakwe zako watafute mjomba mwingine wa kuwapokea."

Mwe! Mama akaanza kulia palepale. "Mwanangu, mjomba hakosolewi hadharani. Nenda kampigie magoti." Nikamwambia, mama, na huyo nesi naye ni mtoto wa mtu, ana wajomba zake. Akaninyamazia mpaka leo, chakula ananiwekea bila neno.

Mchumba wangu anasema yeye kwangu habanduki, ila wazee wake hawataingia nyumba ambayo mjomba amesusa. Namwelewa. Inaniuma, sitawadanganya, nimelia mpaka kichwa kinagonga. Nilitamani siku ile nimwone mama amevaa kanga mpya, anapiga vigelegele.

Lakini kuapa kwamba mama wa watu hakubonyeza? Ng'o! Nilikataa mashine iseme uongo, sasa niuseme mimi kwa mdomo wangu? Kazi aichukue, funguo za ofisi nimeshaziacha mezani kwake. Elimu aliyonipa ndiyo hiyohiyo nitakayoitumia kwenye kikao.

Kwa hiyo wale mnaotaka kuniandikia "omba radhi, mjomba ni mjomba," pumzikeni. Nitasema, tena kwa sauti. Ninachotaka mnishauri, hasa Wazigua wenzangu, ni hiki kimoja: mwezi ujao wakwe watasimama mlangoni kwetu, watapiga hodi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjomba hayupo. Nani atawaitikia karibu?