Bili ya maji ya Gongoni ilivyotaka kunitoa kwenye chumba

Wakuu, wengi humu ni wajukuu zangu, basi marahaba hata kabla hamjaniamkia. Shule niliishia la pili, mtanivumilia. Lakini haya yalinipata mwenyewe, sina haja ya kutia chumvi.

Enzi za Ujamaa tulipanga Gongoni, hapa Tabora. Nyumba moja, vyumba sita, bomba moja uani. Bili ya maji ikija, mwenye nyumba, Mzee Nasoro, anaigawa sawa kwa kila chumba.

Mume wangu alikuwa kazini reli, kule Kaliua. Nyumbani mimi na wanangu watano.

Kiangazi kile bili ikapanda. Ikapanda tena.

Macho yote kwangu! Mama Tatu wa chumba cha mbele, ulimi kama wembe, akasema makusudi nisikie: "Mwenye kundi la watoto ndiye anayelinywa bomba."

Nikamjibu, "Na wewe unayefulia watu mashuka, unafua kwa mate?"

Maana na mimi nilimshuku yeye. Bomba likilia tu, nipo dirishani. Yeye anahesabu ndoo zangu, mimi nahesabu mabeseni yake. Salamu tukanyimana.

Mwisho Mzee Nasoro akaniita. "Mwanangu, wenzako wamechoka. Bili ijayo ikiwa hivi, utafute pengine."

Pengine wapi, na watoto watano? Nikabana maji mpaka wanangu wakawa wanaoga kopo moja moja. Bili haikushuka hata kidogo.

Hapo nikaanza kunusa kitu.

Sasa, enzi zile kila nyumba ilihimizwa kulima. Siku moja balozi wa nyumba kumi akatukusanya, twende nyuma ya ukuta wa ua, kwa Mzee Nasoro, tukaone bustani yake ya mfano. Wapangaji hatukuwahi kuingia kule.

Wakuu, kijani! Mchicha, bamia, nyanya. Gongoni yote vumbi, kule tope linang'ang'ania ndala. Na ukutani, upande ule ule wa bomba letu, kumechomoza bomba jingine lina mpira, linachuruzika.

Balozi anapiga makofi, Mzee Nasoro pembeni yake naye anapiga. "Huu ndio Ujamaa wa vitendo!"

Ungemwita mzee mwizi saa ile, ungeambiwa unapinga kilimo. Nikamtazama Mama Tatu. Na yeye kauona mpira.

Nikavua kanga ya juu, nikaitandaza chini. "Ndugu balozi, umesema kweli tupu. Maji haya tunalipa vyumba vyote, basi na mboga ni zetu wote." Nikaanza kung'oa mchicha.

Mama Tatu akapiga kigelegele, akavamia bamia. "Shoga, nyanya usizimalize!"

Watu hoi kwa kicheko. Mzee Nasoro naye akaendelea kupiga makofi, angefanyaje?

Bili iliyofuata ilishuka, na habari ya kuhama sikuisikia tena.

Nilichojifunza: mkigawana bili, msikimbilie kumkodolea macho jirani. Lifuateni bomba mpaka linapoishia, hasa upande wa yule anayegawa.

Ninyi wa umeme wa mita moja, kwenu anashukiwa nani? Semeni msiogope, bibi yenu nasoma yote.