Kikaratasi cha Kijani

Tarehe 4 Februari 2019 alikabidhiwa wodi ya wazazi awe muuguzi wake mkuu, na haukupita muda hospitali nzima ikawa inamwita Chuma. Jina hilo alilipenda. Wakunga wake walikuwa sita. Mmoja akiugua, mwingine akifiwa, waliobaki waligawana zamu bila kunung'unika, au tuseme bila kunung'unika mbele yake.

Mwaka huu wakuu wa vitengo walipoitwa kutunga mpango mkakati wa miaka mitano, alikwenda kifua mbele. Mwezeshaji aliwagawia vikaratasi vya kubandika ukutani: vya kijani kwa nguvu za kitengo, vyekundu kwa udhaifu. Mkuu wa maabara alibandika vyekundu mpaka ukuta ukaonekana umepata surua. Chuma alimtazama kwa dharau. Mtu mzima anaanikaje aibu zake hadharani? Yeye alibandika kimoja tu, cha kijani: "Tunamudu kazi hata tukiwa wachache."

Walimpigia makofi.

Mpango ulipotoka, maabara ilikuwa imeongezewa wataalamu wawili. Wodi ya wazazi ilipunguziwa wakunga wawili, waende zahanati mpya.

Alimfuata mganga mkuu ofisini. "Daktari, kina mama watanifia mikononi."

"Sista, si wewe uliyesema mnamudu?"

"Nilimaanisha tunajikaza!"

"Basi jikazeni. Bodi imeshapitisha."

Nyumbani alimsimulia mumewe, fundi bomba.

"Mke wangu, hukujua kulia? Mimi hata bomba likidondosha matone, namwambia mteja ni gharika."

Hakucheka. Usingizi ulimpaa, na asubuhi aliwakusanya wakunga katika chumba cha kubadilishia nguo akawaeleza yote, pamoja na kile kikaratasi, maana wangekisikia tu kwa wengine. Mkubwa wao kwa umri, aliyekuwa akifunga kamba za viatu, hakuinua hata kichwa.

"Dada, huo mgongo uliojisifia kuukaza ulikuwa wako au wetu?"

Wodini mama mmoja alianza kuita, na wote sita wakatoka mbio, wakimwacha Chuma amesimama.

Jumatatu wawili wanaripoti zahanati. Wanne waliobaki wataanza zamu za saa kumi na mbili, na usiku wodi itakuwa na mkunga mmoja.