Dirisha la Vaileth

Wananchi wa Kahama, Bukombe na vitongoji vyake, wenye maduara ya kuchimbia dhahabu na msio na maduara, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba binti wa Kishapu, Vaileth Maige, amefunga dirisha ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuliona kwa macho. Vigelegele, tafadhali. Mwenyewe hatapunga mkono kwa sababu amesinzia, shavu juu ya kibodi, na skrini yake imejaa herufi n kutoka juu hadi chini.

Tumwache apumzike kidogo, maana uchovu wake una historia.

Maabara anayofanyia kazi iko Nyasubi, Kahama, nyuma ya karasha, zile mashine za kusagia mawe, mahali ambapo chai hunywewa na vumbi lake. Mchimbaji huleta mawe kwenye kiroba, mawe yanasagwa, yanapimwa, kisha jibu linamfuata kwenye simu: mwamba wako unasoma gramu kadhaa za dhahabu kwa tani, au, kama ilivyo kwa wengi, pole sana. Kazi ya Vaileth ni safari ya hilo jibu. Kati ya seva ya maabara na simu za wateja kuna kitu wataalamu wanakiita API, nacho hakina uchawi wowote. Ni kama lile dirisha la mama ntilie kati ya jiko na meza. Simu inagonga, inaomba, sahani inatolewa. Shida ya dirisha la maabara hii ni kwamba lilimpa sahani kila aliyegonga, hata kama chakula ni cha mwenzake.

Lilijengwa na mpwa wa bosi, ambaye baadaye alienda Dar kutafuta watu wa kiwango chake. Kila sampuli ilikuwa na namba mwishoni mwa anwani. Ukitaka jibu la jirani, unafuta namba yako, unaandika inayofuata. Basi. Na majibu yenyewe yalisafiri uchi wa mnyama, hayakusimbwa kwa mafumbo hata kidogo, hivyo aliyekaa kwenye wifi ya mgahawa aliweza kuyachungulia yakipita.

Madalali waligundua mapema. Asubuhi walikaa mgahawani, supu mbele yao, wakibadili namba kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Wakikuta jibu nono wanapiga simu, na rashi, ile mbio ya kukimbilia dhahabu, inaanza: pikipiki, masururu, wauza maji, wauza chapati, mhubiri mmoja na spika yake. Mwenye sampuli, ambaye wakati huo bado yuko njiani anapanga ataoa mke wa ngapi, akifika anakuta duara lake limeshapata mwenyekiti na katibu.

"Bosi, hili dirisha liko wazi," Vaileth alimwambia Bartholomeo, mwenye maabara.

"Wazi vipi, na nywila tumeweka?"

"Nywila ni moja kwa wateja wote, bosi."

"Sasa si ndio umoja wenyewe huo?"

Vaileth alisema masika, akarudia kiangazi. Akafika mahali akawa anasema bila kuinua macho, kama jogoo anayewika kwa sababu tu ndiyo kazi yake.

Kilichombadilisha Bartholomeo ni Amosi, mchimbaji aliyevamiwa duara lake kwa njia hiyo hiyo. Amosi hakuja na panga wala wakili. Alikuja na kiroba kitupu, akakaa kwenye benchi la mapokezi, akakiweka mapajani.

"Nikusaidie nini, kaka?" bosi aliuliza.

"Hapana, nimekuja kukaa tu. Kule kwangu siku hizi hakuna pa kukaa."

Kesho yake akaja tena. Wateja walimwuliza kisa, akawasimulia kwa upole, nao wakabeba mawe yao kupeleka kwingine. Hapo ndipo Bartholomeo alipoupenda usalama wa mtandao kwa moyo wake wote, akamwambia Vaileth afunge kila kitu, haraka, na asimwombe msaidizi.

Akafunga. Kwanza aliyavisha majibu nguo: tangu yatoke kwenye seva hadi yafike kwenye simu yanasafiri yamesimbwa, anayechungulia njiani anaona takataka. Kila mteja akapewa ufunguo wake, unaokufa baada ya muda mfupi hata ukiibwa. Anayebisha hodi mara nyingi mfululizo anafungiwa nje. Na lile kubwa, ambalo mpwa hakuliwaza kabisa: dirisha sasa halikuishia kuuliza wewe ni nani, liliuliza pia, hiyo sahani ni yako? Kama si yako, halijibu, na jina lako linabaki kwenye kumbukumbu.

Alipomaliza, macho yalikuwa mekundu kama ya mvuvi wa dagaa.

"Na mimi ufunguo wangu uko wapi?" Bartholomeo akauliza.

"Unao. Unaona sampuli zimeingia ngapi. Majibu ya watu huyaoni."

"Nisiyaone? Kwani maabara ya nani?"

"Yako, bosi. Mawe ni yao."

"Vaileth, mkurugenzi hazuiwi mlangoni."

"Bosi, simu yako pale baa huwa inapigwa picha na meza nzima."

Bartholomeo alifikiri, akaguna, akaenda kutafuta supu.

Ni wiki hiyo hiyo alipofika Mama Otmar kutoka Ushirombo, mjane, kiroba begani, rozari shingoni. Alikuwa amechimbisha shimo la choo nyuma ya viazi vyake, na fundi akatoka na jiwe linalometameta kuliko inavyofaa kwa choo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wananiambia wewe ndiye unayefunga midomo ya simu."

Vaileth akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Mama akasogea karibu. Hakutaka utajiri sana, alisema. Kando tu ya lile shimo analala mume wake, Mzee Samwel. Kama mwamba una kitu, anataka aombe leseni kwa jina lake kwanza, ili awe yeye wa kusema wachimbe wapi na wasichimbe wapi.

"Wakinitangulia, watamfukua mzee wangu kama kiazi."

Ijumaa jibu likatoka. Vaileth hakuliona, dirisha halikumruhusu hata yeye, lakini aliuona uso wa Mama Otmar pale benchini, ukitazama simu, ukikunjuka taratibu.

"Mama, sikiliza. Usimwambie mtu. Jumatatu uende ofisi ya madini, ukawasilishe maombi. Hadi hapo, mtu asijue."

"Nimwambie nani mimi? Nitamwambia Mungu tu."

"Huyo sawa," Vaileth akasema.

"Wabeja, mwanangu," mama akashukuru kwa Kisukuma.

Jumapili mchana Vaileth alikuwa nyumbani, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu, simu ikalia. Mama Otmar alikuwa analia, na nyuma yake palikuwa na ngurumo za pikipiki.

Vaileth akafungua kumbukumbu za dirisha. Hakuna aliyebadili namba. Hakuna aliyefungiwa nje. Jibu la Mama Otmar lilikuwa limefunguliwa na simu moja tu, yake mwenyewe.

"Mama, nani mwingine anajua?"

"Sijamwambia mtu! Nilienda tu kwa katekista Agapiti kuandikisha nia ya misa."

Vaileth akafumba macho. "Nia gani, mama?"

"Kumshukuru Mungu kwa gramu ishirini na mbili zilizopatikana kwenye shimo la choo, na kuomba zisionwe na wezi."

"Na Agapiti akaisoma."

"Kabla ya wimbo wa mwanzo. Kwa spika."

Misa ilikuwa imejaa, ilikuwa zamu ya jumuiya zote. Wanaume wengine, inasemekana, hawakusubiri hata wimbo wa Utukufu.

Bartholomeo alimchukua Vaileth kwa gari lake hadi Ushirombo. Walipofika, viazi vilikuwa vimelala chali na mashimo yalishakaribia kaburi kutoka pande tatu. Wachimbaji hawakuwa watu wabaya. Mmoja alimwuliza Mama Otmar kwa adabu kabisa, "Shikamoo, mama. Kaburi hatuligusi. Ila hebu tuonyeshe, linaishia wapi?" Na kwa kuwa hakukuwa na msalaba ila kilima kidogo cha udongo, kila aliyefika alikipunguza kidogo kwa sururu yake, bila nia mbaya.

Agapiti alikuwa pale, bado na shati la kanisani, akipigilia vigingi kwa jiwe kulizunguka kaburi. Hakumtazama mtu. Vaileth akavua viatu, akaokota kamba ya katani, akaanza kuizungusha kwenye vigingi. Mama Otmar alikaa chini katikati, kiganja kikiwa juu ya udongo, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

Ni hapo Bartholomeo alipopanda juu ya lundo la kifusi na kutengeneza koo.

"Ndugu wachimbaji! Natamka rasmi mbele yenu kwamba mfumo wa maabara yetu, uliosimbwa kwa viwango vya kimataifa, haujavunjwa! Mhandisi wetu yuko hapa, shahidi. Mhandisi Vaileth, waambie wasikie: ni adui gani, ndani na nje ya nchi, anayeweza kupenya ngome ile?"

Sururu zikanyamaza kidogo. Vaileth hakuinua kichwa.

"Hakuna, bosi. Njoo ushike kamba kona hii."