Chatu wa Mwalimu Alipoacha Kula

Hapa Garissa watu huniita daktari, ingawa sikusomea. Nina duka la dawa za mifugo karibu na soko la ng'ombe, na kwa miaka mingi nimewauzia wafugaji dawa za minyoo, za kupe na za upele wa ngamia. Ukiitwa daktari kila siku unaishia kuamini. Ndiyo maana sikusita nilipoombwa kumlea chatu.

Alikuwa wa mwalimu wa baiolojia, mama mpole kutoka Murang'a aliyefundisha sekondari ya hapa mjini. Alihamishwa ghafla, na hakuna basi ambalo lingempakia na nyoka. Akaniletea nyoka huyo ndani ya sanduku la kioo: chatu mdogo, mnene kama mkono wangu, wa kahawia mwenye madoa ya dhahabu. Akishtuka alijikunja akawa kama mpira, kichwa kikafichwa katikati. Ndani ya sanduku kulikuwa na chungu kilichovunjika, kimefudikizwa, na humo ndimo alimokuwa akiishi. Mwalimu alinieleza kwamba nyoka hula panya mmoja aliyekwisha kufa kila baada ya wiki mbili, kwamba asishikwe ovyo, na kwamba chungu kisiondolewe. Nilimwitikia harakaharaka, kama ninavyowaitikia wafugaji wanaonieleza ugonjwa ambao nishaujua.

Siku ya pili yake nilikiondoa chungu, kwa sababu wateja walikuwa hawamwoni. Sanduku nikalihamishia kwenye kaunta ya mbele, pale jua la alasiri linapopiga. Wafugaji kutoka Kotile walikuja kununua dawa ya minyoo wakakaa saa nzima. Nilimtoa chatu nikamzungusha shingoni mwangu, wao wakarudi nyuma wakicheka na kuniita mwendawazimu. Wallahi, nililipenda jambo lile. Kuna siku nilimtoa mara kumi. Nilipokuwa na shughuli, walimgongea kioo kwa fimbo zao ili ajikunje.

Panya wa kwanza hakumgusa. Wa pili naye akaozea mle ndani.

Nikampigia mwalimu simu. Hakushtuka. Alisema chatu wa aina ile anaweza kukaa miezi bila kula na asiwe mgonjwa. Hukataa anapokaribia kujivua gamba, mahali pakiwa na joto kupita kiasi au baridi, akishikwashikwa, au akikosa pa kujificha. Kisha akaanza kuuliza moja moja.

"Chungu kipo?"

"Kipo."

"Unamshika sana?"

"Mara mojamoja tu."

"Na jua halimfikii?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi mfunike kwa kitambaa, umwache wiki mbili bila kumgusa. Hagomi, daktari. Anaogopa."

Nataka niseme wazi: nilielewa. Simu ikiwa bado sikioni, niliangalia pale palipokuwa na chungu, nikaangalia jua juu ya kioo, nikajua kila kitu. Lakini kumfunika kulikuwa ni kuwaambia watu kwamba mnyama wa daktari ni mgonjwa. Na walikuwa wameshaanza kusema. Mzee mmoja aliniuliza, akitabasamu, nitawatibu vipi ngamia wake ikiwa nyoka amenishinda.

Kwa hiyo nilimfanyia kama tunavyomfanyia mbuzi anayekataa dawa. Nilimpanua mdomo kwa mpini wa kijiko, nikasukuma panya mfu kwa kidole, nikambana taya. Asubuhi nikakuta amemtapika. Nikarudia. Safari hii mdomo ulitoka damu.

Mama yangu, ninayeishi naye nyumba ya nyuma ya duka, hakuwahi kulikaribia lile sanduku. Siku hiyo alipita na tasbihi yake mkononi, akasimama akatazama. Akaniambia kwamba yeye nyoka hampendi, na akiingia chumbani mwake atamuua kwa fimbo na alale vizuri, lakini hili ninalolifanya hajui aliite nini. Nilimjibu aende akanywe chai yake.

Wiki hiyo nilikuwa na safari ya kupeleka dawa Liboi, ya kulala siku mbili. Kabla ya kuondoka nilitia ndani ya sanduku panya hai, mkubwa, niliyemnasa kwa mtego stoo. Mteja mmoja alikuwa amesema nyoka hutaka kinachotembea. Yule panya sikumwekea chochote cha kula. Nilijiambia njaa itamlazimisha mmoja wao. Nikafunga duka.

Liboi ukaguzi wa polisi barabarani ulituchelewesha, siku mbili zikawa tatu. Nilirudi adhuhuri. Nilipofungua duka, panya alikuwa kwenye kona ya sanduku, ameshiba, anajipangusa masharubu. Chatu alikuwa amejikunja mpira. Panya alikuwa amemla mgongo, ubavu mzima, hadi mbavu zikaonekana nyeupe, zimepangana kama meno ya kitana. Hakuwa amejikunjua kupigana wala kukimbia. Alikuwa ameficha kichwa tu, akasubiri. Nilipomgusa alijikaza kidogo zaidi. Alikuwa hai.

Mama aliniletea panga mwenyewe.

"Mara moja," akasema. "Usimshikeshike tena."

Alisimama hapo hadi nikamaliza. Nilipokuwa nikimtoa chatu sandukuni panya aliniruka, akapotea chini ya rafu. Chatu alizikwa na mama, nyuma ya tangi la maji. Hakukubali nimsaidie, na kwa siku nyingi baada ya hapo tulichosemezana kilikuwa salamu tu.

Mwalimu alipiga simu Ijumaa iliyofuata. Aliuliza kama nilimfunika. Nikasema nilimfunika.

"Na amekula?"

"Amekula, mwalimu."

Alimshukuru Mungu kwa sauti. Alisema alikuwa hapati usingizi, na kwamba wakati wa kuondoka wenzake walimwambia atakuwa amemuua kwa kumwacha Garissa. Akaomba picha. Nilitafuta kwenye simu nikapata moja ya siku ile aliponiletea, nikamtumia.

Akanijibu kwamba anaona amenenepa.

Bado huuliza, kila mwisho wa mwezi. Huwa namwambia anakula vizuri.