Behewa Lililokataa Kwisha

Viti nilivyovishona Jumatatu, Jumanne nilivikuta vimefumuka.

Si kimoja. Vinne. Uzi umetolewa wote, vitambaa vimekunjwa kona kwa kona na kuwekwa juu ya sponji.

Mharibifu gani huyo anayekunja?

Ngoja nianze mwanzo, maana mimi nikiruka kitu roho haitulii.

Nilishona viti vya mabehewa ya abiria miaka ishirini na sita. Kiwanda kimoja, cherehani moja. Mume wangu alikuwa mchomeleaji hapohapo. Mwanetu wa kwanza alikuwa mpaka rangi, hapohapo. Nyumba nzima tulikula kupitia geti moja.

Mwaka huo kazi ilikauka. Karakana ina njia saba za reli; sita zilikuwa tupu. Kwenye ya saba lilisimama behewa moja tu, la kijani, halina hata taa.

Meneja akatukusanya, watu kumi na wanane tuliobaki.

"Hili ndilo la mwisho," akasema. "Likishatoka, tutaona."

Tutaona. Mtu mzima akikwambia hivyo, ujue hakuna cha kuona.

Hakuna aliyelia. Kila mtu alirudi kwenye zana zake.

Ndipo vituko vikaanza. Boliti za mlango zilizokazwa jana, leo zinacheza. Dirisha lililokaa sawasawa, leo limeshuka. Rangi ya mwanangu tukaikuta imekwanguliwa. Halafu viti vyangu.

"Shangazi, humu kuna jini," fundi wa milango akaniambia.

"Jini gani linatumia spana namba kumi na tisa?"

"Jini lenye cheti."

Watu wakacheka kidogo, kama wanaokohoa.

Mimi sikucheka. Mshono wangu ni mshono wangu. Nikaapa nitamkamata.

Saa ya chakula wenzangu walipotoka, niliingia kwenye choo cha behewa, nikaegesha mlango, nikakaa juu ya kifuniko. Choo chenyewe bomba halijaungwa, kinanuka gundi.

Nikasikia hatua. Mtu mzito, anaburuza mguu wa kushoto kidogo.

Mguu ule naujua. Nimeufulia soksi miaka thelathini.

Nikachungulia. Mume wangu amepiga magoti mbele ya kiti changu, miwani puani, wembe mkononi. Anakata uzi mmoja mmoja, taratibu, kama anayenyoa mtoto mchanga.

"Baba watoto."

Hakushtuka hata kidogo.

"Mama watoto. Umekula?"

"Unafanya nini?"

"Nafumua."

"Si ufumue vya kwako!"

"Chuma nikikikata, karakana nzima itasikia. Uzi hauna kelele."

Nikatoka chooni, nikasimama mbele yake.

"Behewa likitoka, na sisi tumetoka," akasema, bado anakata. "Likibaki, asubuhi geti linafunguliwa. Ni hivyo tu."

"Na boliti?"

"Haki ya Mungu, boliti si mimi."

"Rangi?"

"Rangi kamuulize mwanao."

Nilitoa mkasi mdogo kwenye aproni, nikapiga magoti kwenye kiti cha pili. Sikujiona mkosaji. Sikuhisi chochote. Nilikata, nikavuta uzi, nikakunja kitambaa kona kwa kona. Kumbe kukunja kule alijifunza kwangu.

Tangu siku hiyo, asubuhi nashona, mchana nafumua.

Nyumbani hatukulizungumza. Sisi watatu tulikaa meza moja, tukapeana chumvi, basi.

Mkaguzi wetu tulimwita Darubini, kwa ile miwani yake mizito. Kila Ijumaa alipita na chaki akiandika "rudia" palipoharibika. Siku moja akaandika "rudia" kwenye kiti ambacho hakuna aliyekigusa, mshono umenyooka kama mstari wa daftari.

Nikamtazama. Yeye akatazama dari.

Ikapita miezi minne.

Alhamisi moja asubuhi meneja akaingia amevaa shati la jana, karatasi mkononi.

"Kiwanda kinafungwa leo."

"Haiwezekani!" fundi wa milango akaruka. "Behewa halijaisha!"

"Behewa lilishakataliwa. Mnunuzi aliniandikia barua wiki ileile niliyowakusanya."



"Barua hiyo iko wapi?" mume wangu akauliza.

"Niliificha kwenye droo yangu. Makao makuu wameijua jana."

Nikamwangalia yule meneja, midomo imemkauka. Kumbe naye alikuwa anafumua, ila yeye alifumua kwa karatasi. Sote tulikuwa tunalichelewesha behewa ambalo hakuna duniani aliyekuwa akilingoja.

Hatukumtukana. Tulichukua vikombe vyetu, tukatoka kabla ya saa tano. Barabarani watu walikuwa na safari zao. Sikujua mikono niiweke wapi.

Wiki ya tatu, mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja nyumbani. Anatafuta mchomeleaji anayelijua behewa lile, alikate vipande. Akampa mume wangu siku tano.

Alimaliza kwa siku mbili.

"Mbona hukuvuta siku?" nikamuuliza.

Akavua buti, akaziegemeza ukutani.

"Mama watoto, nimechoka kuchelewesha."

Ninyi mliosoma mpaka hapa, shikeni hili moja kutoka kwa bibi yenu. Mkiona kazi inakauka, semeni. Semeni kazini, semeni mezani, litamkeni hilo neno mnaloliogopa. Miezi minne ile tungeweza kukaa watu kumi na wanane tukatafuta pa kwenda.

Tuliitumia kuogopa, kila mtu kivyake, ndani ya behewa moja.