Sinia la Mzee Boga

Mzee Boga wa Likoni alikuwa mnyapara wetu sisi wasafisha matangi ya mafuta kule Changamwe, miaka ya themanini. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mmoja anafungwa kamba kiunoni na kuingia ndani ya tangi kukwangua tope la mafuta, mwenzake anabaki nje kwenye mdomo wa tangi ameshika kamba. Hewa ya mle ndani ikimlevya aliyeingia, wa nje amvute upesi. Ukimchagua mwenzako vibaya, umejichagulia kaburi.

Boga hakumwamini mtu kwa barua wala kwa maneno matamu. Alimpima kwenye sinia. Mchana tulikula pamoja wali na samaki, na jicho lake lilikuwa zaidi kwenye mkono wa mgeni kuliko kwenye chakula. Anayechimba upande wa mwenziwe, huyo hafai. Anayekusogezea mnofu bila kuambiwa, huyo ndiye mtu. Nilimpenda sana mzee yule, lakini sinia lake lilikuwa mahakama isiyo na rufaa.

Ndipo akaja Gershom kutoka bara, kwa majaribio. Mchapakazi, mpole, ila kila tukimkaribisha anasema, "Nashukuru, kuleni tu," kisha anajitenga nyuma ya ukuta na kibakuli chake cha mahindi na maharagwe. Wiki nenda, wiki rudi. Boga akakasirika kimyakimya, na akikasirika hivyo hana dawa.

"Atuona wachafu," aliniambia. "Wallahi, mtu asiyetaka kula nami, nimpe roho yangu aishike?"

Majaribio yalipokaribia kwisha, bosi akamwachia Boga neno la mwisho, na Boga akakata shauri Gershom aachishwe. Lakini alikuwa mtu wa haya. Hakutaka baba mwenye watoto asikie habari hiyo getini mbele za watu. Jumapili tukaenda chumbani kwa Gershom, mimi nikiwa shahidi.

Mkewe, Rispa, alitupokea vizuri na akakataa katakata tuondoke bila kula. Akaweka ugali na samaki katikati, tukazunguka sisi, yeye na watoto wawili. Gershom akapewa chake pembeni, karibu na dirisha. Binti yake mdogo akamkimbilia na tonge mkononi amlishe. Gershom akamrudisha polepole, na uso wake ulionyesha wazi jinsi alivyoumia.

Boga akaacha kula. "Shemeji, hata na wanawe hali?"

Rispa alimtazama mumewe kwanza. "Mwaka jana alilazwa, kifua kikuu. Daktari amesema amepona kabisa na anaweza kula na sisi. Yeye bado anaogopa. Anasema afadhali akae peke yake kuliko kumwambukiza mtu."

"Mngejua, mngenikimbia," alisema Gershom. "Na kazi naihitaji."

Nilitamani tuage tuondoke. Boga alinawa mkono, akaufuta kwa kitambaa chake, akangoja Rispa aanze kutoa vyombo.

"Kesho uwahi," hatimaye akamwambia Gershom. "Naingia tangi kubwa. Wewe ndiwe utakayenishikia kamba."

Gershom alimkazia macho. "Mzee, hilo silo ulilokuja kusema."

"Silo, mwanangu," Boga akajibu. "Nalikuja kukufukuza."